Kibali cha Kokoto

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Aprili mwaka 1952, Fundi Jamali alikuwa nyuma ya nyumba namba tisa, Oysterbay, akiosha kokoto. Alikuwa na nusu pipa la maji, karai lenye matundu na kigoda. Kokoto zilikuwa zimeletwa na lori kutoka machimboni zikiwa na vumbi jeupe, na kokoto yenye vumbi haifai, kwa sababu vumbi huteremka hadi kwenye bomba likaliziba. Kwa hiyo alizisuuza mara nne. Maji ya mara ya nne aliyachota kwa kikombe cha bati akayanywa. Yangemkwaruza koo, angesuuza mara ya tano. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kazi huko kwao Newala, na kwa miaka kumi na saba hakuwahi kutia kokoto mtaroni bila kuyanywa maji yake.

Mtaro wenyewe ni kazi ya akili zaidi kuliko ya nguvu. Unachimbwa hatua moja kutoka ukutani, kina cha mapaja, upande ambao maji hutokea, na sakafu yake inateremka kidogo kidogo. Jamali aliupima mteremko kwa chupa ya maji, akiangalia kiputo cha hewa kinakwenda wapi. Chini hutandazwa kokoto, juu yake bomba la udongo wa kuchoma lenye matundu, kisha kokoto tena, kisha magunia, kisha mchanga na majani. Ukimaliza huoni kitu. Mvua ikinyesha, maji yanayoufuata msingi yanatumbukia humo kabla hayajaugusa, yanakwenda zake bondeni. Jamali alikuwa amezizungushia mitaro ya aina hiyo nyumba thelathini na moja za wazungu, na hakuna hata moja iliyopata ufa.

Yeye mwenyewe alikaa Kinondoni, katika nyumba ya boriti, fito na udongo, chini kabisa ya mteremko. Vyumba vilikuwa viwili, na kimoja kilishaanguka nusu. Katika chumba kilichobaki alilala mama yake, Bibi Mauwa, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa kuanzia kiunoni. Kila masika maji yalishuka kutoka barabarani yakaja kukaa kwenye ukuta wa nyuma, ule uliokuwa kichwani pa kitanda chake. Jamali aliweza kuingiza kidole ukutani hapo kama mtu anayeonja ugali. Masika yaliyotangulia ukuta wa namna hiyo hiyo ulimwangukia mume wa jirani yao, Mwanaheri, akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, na hakuamka. Mume wa Mwanaheri alikuwa na miguu miwili mizima.

Basi mwezi Februari Jamali aliomba ruhusa ya kuchimba mtaro nyumbani kwake. Mawe angeyaokota mwenyewe pwani ya Msasani, bomba angefinyanga mwenyewe. Karani wa viwanja, Gozbert, kijana wa Bukoba mwenye mwandiko mzuri, alimsomea jibu akiwa ameinamisha kichwa.

"Kiwanja chako ni cha makazi ya muda, Fundi. Mawe na bomba ni ujenzi wa kudumu. Nyumba ya muda hairuhusiwi kuwa na ujenzi wa kudumu."

"Nimekaa pale miaka kumi na minne, Bwana Karani."

"Najua. Ni miaka kumi na minne ya muda."

"Na maji yanayoingia kwangu kila mwaka, hayo yana kibali gani?"

Gozbert alilifunga faili. "Maji hayakuomba kibali," alisema, na ilionekana kwamba hakufurahi kusema hivyo.

Siku ya pili ya kazi ya namba tisa, Jumanne saa kumi alasiri, mvua ilipokatika, Jamali alichukua kikapu chake akaanza safari ya nyumbani. Kokoto zilimfuata. Zilitoka chini ya majani, zikajipanga nyuma yake msururu mmoja, kama mia mbili hivi, zikatembea pembeni mwa barabara ili zisiwazuie watu wa baiskeli. Penye makutano ya Barabara ya Bagamoyo askari alizisimamisha kwa mkono, akaipisha gari ya bwana mmoja, kisha akaziruhusu zivuke. Jamali aligeuka mara moja tu kuona kama zimevuka zote.

Mwanaheri alikuwa barazani kwake akikaanga mihogo.

"Fundi, una wageni," alisema.

"Nawaona, dada."

"Wamekuja na mvua. Waambie wasinikanyagie moto wangu."

Kokoto zilizunguka nyumba zikasimama hatua moja kutoka ukuta wa nyuma, mahali pale pale ambapo Jamali angechora mstari. Kisha zikaanza kuketi. Udongo ulizipisha. Jumatano zilikuja za namba kumi na nne, Alhamisi za namba ishirini na mbili na za nyumba yenye bendera, na mabomba ya udongo yakaja yakibingirika taratibu, yakipumzika kwenye vivuli. Jamali hakugusa jembe wala koleo, maana alikuwa amekatazwa. Aliweka tu chupa yake ya maji chini, akakiangalia kiputo, akawa anatoa ushauri.

"Nyie wa mwisho huko, shukeni vidole viwili. Basi. Wa katikati mmezidi, pandeni."

Ijumaa usiku wote mvua ilimwagika. Kulipokucha Bibi Mauwa alimwita mwanawe.

"Jamali, mbona kimya? Kila siku nasikia maji humu ukutani yakitafuna."

"Yamepata njia nyingine, Mama."

"Nani kayaonyesha?"

"Mawe."

"Mungu ayabariki," alisema Bibi Mauwa, akageukia upande wa pili akalala mpaka saa tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika masika yoyote tangu waje Dar es Salaam. Jamali alikaa mlangoni akimsikiliza anavyokoroma, na machozi yakamtoka. Hakuona haya.

Kesho yake, Jumapili, huko Oysterbay, katika sebule ya nyumba namba tisa, nyuma ya kinanda, doa la unyevu lilitokea kwenye rangi. Lilikuwa na ukubwa wa sahani ya chai. Hapa inabidi tarehe zisemwe, kwa sababu tarehe zina ushahidi wake. Ukuta uliomuua mume wa Mwanaheri uliripotiwa mwezi Mei wa mwaka uliotangulia, na hadi siku hiyo hakuna ofisa aliyekuja hata kuutazama. Doa liliripotiwa Jumatatu asubuhi. Jumanne saa tatu Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, alikuwa Kinondoni, na buti zake, na gari, na Gozbert akiwa amebeba meza ya kukunja.

Uchunguzi ulifanywa kwa haki kabisa, kwa hilo asidhulumiwe mtu. Bwana Shauri aliketi mezani uani na kumwuliza askari wa makutano, ambaye alithibitisha kwamba kokoto zilivuka zenyewe saa kumi na dakika ishirini na kwamba zilikuwa na adabu. Mwanaheri alithibitisha kwamba zilimkanyagia moto kidogo lakini si sana. Gozbert aliandika yote. Bwana Shauri alisoma, akatia sahihi.

"Fundi Jamali," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "wewe si mwizi. Mawe yamekuja kwa hiari yake. Nimeandika hivyo."

"Ahsante, Bwana."

"Lakini nyumba hii ni ya muda, na mawe haya ni ya kudumu. Vitu viwili hivi haviwezi kukaa kiwanja kimoja. Kimoja lazima kiondoke."

"Si myaandike mawe nayo ya muda?" aliuliza Mwanaheri.

"Jiwe la muda halipo, mama."

Jamali alisema kwamba yeye hakuyaita na hana uwezo wa kuyafukuza, wayaambie wenyewe. Bwana Shauri alisimama mbele ya mtaro, akavua kofia, akayaamuru mawe yarudi yalikotoka. Hayakusogea. Ikaletwa lori na vibarua sita, wakayafukua yote wakayapakia, wakayarudisha Oysterbay. Saa kumi alasiri mawe yalikuwa yameshavuka makutano kurudi Kinondoni. Siku ya pili yalipakiwa tena, na ya tatu, na kila mara mtaro ulijichimba vizuri zaidi, kwa kuwa sasa uliijua kazi. Mwishowe namba tisa ililetewa kokoto nyingine, zikaoshwa kwa mpira wa maji bila kuonjwa na mtu yeyote, na hizo zilitulia. Doa likakauka. Mtu angedhani mambo yamekwisha.

Barua ilifika wiki iliyofuata. Gozbert aliisoma akiwa amesimama, hakutaka kukaribishwa kiti. Kwa kuwa ujenzi wa kudumu uliopo hauwezi kuondolewa, na kwa kuwa nyumba ni ya muda, nyumba itaondolewa. Mawe yanapewa kibali cha kukaa katika kiwanja hicho miaka thelathini na mitatu. Mkaaji ana siku saba.

"Umeiandika wewe?" aliuliza Jamali.

"Nimeipiga chapa, Fundi. Maneno si yangu."

"Na ulipokuwa ukiipiga, mama yangu ulimweka wapi?"

Gozbert aliacha nakala mbili, akasahau kalamu yake juu ya dirisha.

Siku ya nane vibarua wale wale sita walikuja na mitaimbo, pamoja na Bwana Shauri na Gozbert. Wanaume wanne wa mtaani walimtoa Bibi Mauwa akiwa juu ya kitanda chake cha kamba, wakamtua chini ya jua. Ukuta wa nyuma uliwapa shida kuuangusha, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ulikuwa mkavu na mgumu. Walipiga na kupumzika, wakapiga tena. Hapo Mwanaheri alishindwa kujizuia. Alitoka barazani kwake na upawa mkononi akamsimamia Bwana Shauri kifuani.

"Mume wangu kafa kwa ukuta mbovu, hakuja mtu! Hakuja hata karani! Leo ukuta umepona, mmekuja na gari!"

Gozbert alitafsiri neno kwa neno, ingawa Bwana Shauri alikuwa ameelewa. Bwana Shauri alisema kwamba anasikitika sana. Huenda ilikuwa kweli, lakini masikitiko yake hayakuuzuia mtaimbo hata mmoja.

Kiwanja kilizungushiwa wavu wa banda la kuku, uliofukiwa futi mbili chini ili kokoto zisipite, na kikawekewa kibao. Jamali alimhamishia mama yake Temeke, katika chumba cha udongo alichopata kwa mtu wa kwao, nacho kilikuwa bondeni. Aliandika kuomba ruhusa ya kuchimba mtaro. Gozbert alimjibu kwa mwandiko wake mzuri kwamba kiwanja hicho nacho ni cha muda. Katika barua hiyo hiyo ilielezwa kwamba, kwa kuwa hakuna fundi mwingine anayeuelewa mtaro wa Kinondoni, Jamali ameteuliwa kuukagua kila Jumatatu. Alikubali, kwa sababu ilikuwa kazi. Kila alipofika, kokoto zilisogea kwake, na kila alipoondoka zilibanana kwenye wavu upande aliokwenda mpaka wavu ukavimba. Mwanaheri ndiye aliyekuwa akizirudisha katikati kwa fagio.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makubwa. Jumatatu moja Jamali alirudi Temeke kutoka Kinondoni amelowa chapachapa. Ndani ya chumba ukuta ulikuwa umeshika maji mpaka usawa wa godoro, na udongo ulikuwa ukidondoka vipande vipande nyuma ya kichwa cha Bibi Mauwa.

"Umetoka kwetu?" alimwuliza.

"Nimetoka, Mama."

"Huko nako imenyesha?"

"Sana."

"Pakoje?"

"Pakavu. Tone moja halijaingia."

"Analala nani pale?"

"Halali mtu."

"Nisogeze," alisema mama yake.

Jamali alikishika kitanda akakivuta mbali na ukuta shubiri moja, kikagota ukuta wa pili.