Fundi wa Tarumbeta la Eliezeri

Shemeji yangu Isakwisa alikaa miezi michache tu kwenye gereji moja mjini Mbeya, akarudi Rungwe kutusalimia na miwani myeusi ya kuchomea imekaa juu ya paji la uso, hata kanisani. Watu wakaanza kumwita fundi. Kwangu alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, basi.

Eliezeri, mume wangu, alipiga tarumbeta la besi kanisani tangu kabla hajanioa. Alifariki Novemba ya mwaka hamsini na tano. Sisi Wamoraviani, Pasaka alfajiri tunaamkia makaburini. Mzee wa kanisa anasoma majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita, na matarumbeta yanapigwa. Nilitaka kitu kimoja tu: jina la Eliezeri likisomwa, tarumbeta lake lisikike. Asukile wa kwaya alikuwa tayari kulipiga, ila bomba lilikuwa limeachia kwenye kiungo na pumzi ilivujia hapo.

“Hiyo kazi ndogo, shemeji Damari,” Isakwisa akasema. “Nipe mimi.”

Nikapanda naye lori hadi Mbeya, maana nilijua nikimwachia peke yake atalisahau kilabuni. Bwana wake, mwenye gereji, alikuwa amekwenda kula. Isakwisa akawasha moto wa gesi, akanifundisha somo ambalo sikumwomba. Eti chuma kinasuguliwa mpaka king’ae, kinapakwa poda, kinapashwa mpaka kiwe chekundu, ndipo unagusisha waya wa shaba, nao unayeyuka na kupenya wenyewe kwenye kiungo. Akanionyesha fremu ya baiskeli aliyoiunga hivyo. Ilikuwa imeshika, sikatai.

“Na tarumbeta hili ni la nini?” nikamuuliza.

“Shaba.”

“Na huo waya?”

“Shaba.”

“Sasa moto utajuaje uyeyushe kipi, uache kipi?”

Akacheka, akashusha miwani. “Haya mambo ya ufundi, shemeji. Wewe kaa pale.”

Nikakaa. Ningefanya nini, naye ndiye aliyeshika moto? Akawa anasubiri tarumbeta liwe jekundu sawasawa na baiskeli yake. Waya ulikuwa bado mzima mkononi mwake, bomba likalegea, likainama, likaanza kudondoka mezani. Na fundi wetu bado ananyunyiza poda.

“Limeyeyuka,” nikamwambia, kwani ilionekana habari hazijamfikia.

Bwana wake aliporudi alilitazama mara moja tu. Akasema kiungo kile kilitaka kulehemiwa kwa bati, linaloyeyuka upesi, na moto mdogo, na sasa hakuna wa kulitengeneza. Nikalifunga kwenye kanga. Nikalipakata njia nzima hadi Rungwe.

Pasaka ikafika. Matarumbeta mengine yakapigwa, sauti nyembamba tupu, chini hakuna kitu. Jina la Eliezeri likasomwa. Iliniuma, nikainamisha kichwa.

Ndipo nikasikia mtu akiimba ile besi kwa mdomo. Alikuwa Isakwisa. Alikosea kila mahali pa kukosea. Sauti ikamkatika, watu wakageuka kumtazama, akaanza tena huku machozi yanamtoka. Nilimdharau hata hapo. Nikasogea, nikasimama ubavuni mwake, nikaimba naye, maana peke yake angemwaibisha Eliezeri.