Uso wa Joram, Juu Chini

Naibu chifu Ogola alifunga mkoba wake, akasema anangojwa barazani na kadi ya kitambulisho ya marehemu haitoki ofisini. Sheria ni sheria: mtu akifa, kitambulisho chake kinarudi serikalini, ndipo familia ipate kibali cha kuzika. Seline alimsihi amngoje achore kwanza picha iliyo kwenye kadi. Picha zote za kakaye Joram zilikwenda na mafuriko ya Ahero. Uso wake ulibaki kwenye ile kadi tu, mdogo kama ukucha wa gumba. Na mama yao, Dorca, aliapa hataiachia kadi mpaka uso ule upatikane kwingine.

"Fanya haraka," Ogola alisema. "Mimi natoka saa hii."

Mara ya kwanza Seline alichora macho mawili, pua, mdomo, kila kitu mahali pake, na hakuwa Joram hata chembe. Alikuwa bwana yeyote wa kwenye kibao cha kinyozi. Dorca alichungulia, akageuza uso. Jamani, mkono gani huu usiomjua ndugu yake!

Hapo Seline akamkumbuka mwalimu Kageha, aliyemfundisha kuchora kila Jumamosi kule Kondele. Kageha alishikilia kwamba ubongo una pande mbili. Upande mmoja ni mpayukaji: ukiona jicho unapiga kelele "jicho!", kisha unachora lile lile la siku zote. Wa pili hauna maneno, unaona tu. Ukitaka kumnyamazisha mpayukaji, geuza picha juu chini.

Seline akaigeuza kadi.

"We Seline!" Dorca aliruka. "Unasimamisha mtoto yangu kwa kichwa na bado hajazikwa? Unatafutia sisi laana? Joram si mbuzi ya bucha!"

"Mama, ngoja kidogo tu."

Aliogopa, tena sana, lakini kurudi nyumbani bila uso ule kulimtisha zaidi. Hakuchora jicho tena. Alichora mstari uliopinda, kivuli, nafasi nyeupe kati ya sikio na kola. Mlangoni Ogola aligongagonga funguo. Mama alilia kwa kwikwi. Penseli haikusimama.

Alipomaliza, akaigeuza karatasi. Joram alikuwa pale, mdomo wa chini ameubana kwa meno, shavu moja limetuna.

Dorca aliinyakua kwa mikono miwili. "Alikuwa anazuia kicheko," alisema polepole. "Huyu mtoto! Hata mbele ya serikali!" Akacheka, akalia, akacheka tena.

Kisha akaiokota kadi mezani, akamnyooshea Ogola.

"Chukua, Bwana Chifu. Andika kibali. Sasa naweza kumzika."