Chaneli ya Farasi

Katika pwani yetu, kuvua kambakoche ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kusikiliza redio za wenzako. Nahodha wangu, Merv Tilbrook, alikuwa na mwamba wa chini ya bahari, wenye kambakoche tele, ambao hakuna mwingine aliyeujua, akakusudia kufa nao. Aliyeutafuta zaidi ni Clem Pfitzner, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliyepitia chaneli zote kwa subira ambayo waumini wenzake huiweka kwa ajili ya mahubiri.

Verity, mpwa wa Merv, anaandika tasnifu ya nadharia ya michezo, ile hisabati ya kushindana kwa akili, huko Adelaide.

"Mjomba, wewe unaficha, Clem anatafuta. Ukiwa na mazoea, atakukamata. Wewe na mama yangu rusheni dadu kabla ya kutoka, ndiyo iwachagulie chaneli. Redio ya pili irushe kelele kwenye ile ya zamani."

"Kelele gani?"

"Yoyote itakayomshughulisha."

Jumanne ya kwanza ya Novemba winchi yetu ya kuinulia mitego ilikufa, madema yote yakiwa chini na dhoruba ikija. Dada yake Merv, Glenys, mama yake Verity, alikuwa karibu, kwenye boti yake mwenyewe. Alihitaji kuambiwa mahali tu. Kwa kelele, Merv alirusha kwenye chaneli ya zamani matangazo ya mbio za farasi za Kombe la Melbourne.

"Watu wote watasikiliza farasi," nikamwambia.

"Ndiyo maana yake. Tumia kichwa, bwana."

Watu wote walisikiliza farasi. Merv alisoma latitudo na longitudo mara tatu kwenye chaneli ya dadu, kwa usiri uliokamilika.

"Glenys, we mwanamke, unanisikia?"

Glenys alikuwa amebeti kila mbio ya alasiri ile, naye alikuwa kwenye chaneli ya farasi.

"Mimi nakusikia, Merv." Ilikuwa sauti ya Clem, mtu pekee pwani nzima ambaye kamari ni dhambi kwake. "Pole kwa winchi. Namba ya mwisho tu imenipita, ulikohoa mara zote tatu."

"Umejuaje chaneli?"

"Nilikuwa nawakimbia hao farasi. Kwingine kote kimya, isipokuwa wewe. Sasa, nikuinulie madema, au umsubiri dada yako?"

Merv aliitazama bahari iliyoanza kupanda, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ningependekeza njia ya tatu. Nadharia haikuwa nayo.

Akabonyeza kitufe.

"Tisa," alisema, kwa sauti ya mtu anayesomewa wosia wake.

"Ubarikiwe, ndugu," akajibu Clem, na sina shaka alimaanisha.