Sikufunga Kitu, Nilisasisha Tu

Kwenye ukuta wa karakana, juu ya kompyuta, paliandikwa kwa kalamu nene nyekundu: USIFUNGE KICHUPO CHA MWENZIO. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee ya mahali pale. Mafundi walikuwa wawili na kompyuta moja, ikiwa na kivinjari kimoja cha mtandao kilichojaa vichupo vilivyobanana hadi majina yake hayasomeki. Vya upande wa kushoto vilikuwa vya Barafu, fundi wa friji. Vya kulia vilikuwa vya Shoti, fundi wa mashine za kufulia. Kila kichupo, yaani ukurasa mmoja uliofunguliwa, kilikuwa kazi iliyoachwa wazi: mchoro wa nyaya, orodha ya vipuri, maelezo ya kompresa fulani ambayo Barafu alihangaika siku mbili kuyapata.

Mteja mmoja aliwahi kuwaonyesha alamisho. Unabofya kinyota tu, akasema, ukurasa unahifadhiwa, hata ukizima mashine utaukuta. Barafu akamshukuru, akamwambia yeye vitu vyake hupenda kuvikuta pale pale alipoviacha, kama spana. Mteja akaenda zake, na vichupo vikazidi kuongezeka.

Jumatatu hiyo Barafu alifika karakana kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuja kwa ajili ya friji ya mtu. Alikuja kwa ajili ya mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Kutunga uzi kwenye sindano alishaacha, alikuwa akitungiwa na mkwewe. Wiki iliyopita alishona mkono wa shati la jirani akauziba mwishoni, shati likawa kama mfuko. Alipoonyeshwa kosa alikataa katakata, akasema jirani ndiye mwenye mikono mirefu kupita kiasi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye alicheka nao, kisha akaenda chumbani, na Barafu akamsikia anapenga kamasi.

Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja hospitali kuu mara moja kwa miezi mitatu, na alikuwa anapasua watu arobaini, hazidishi hata mmoja. Zamani watu walikuwa wanapanga foleni getini. Mwaka huu hospitali ikatangaza kwamba foleni imehamia kwenye mtandao. Saa mbili kamili ukurasa unafunguka, unapewa nambari, unasubiri zamu yako, zamu ikifika unajaza jina la mgonjwa. Barafu alijaribu kwanza kwenye simu yake. Ukurasa ukamjibu: Kivinjari chako ni cha zamani. Tafadhali kisasishe. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko kivinjari, ingesasishwa na nini?

Kwa hiyo akaketi kwenye kompyuta ya karakana, kidole juu ya kipanya. Saa mbili na dakika tatu akapewa nambari thelathini na moja.

"Shoti! Njoo uone! Thelathini na moja kati ya arobaini!"

Shoti akachungulia huku akitafuna njiti ya kiberiti. "Mama keshaona. Atakuona ulivyo na sura mbaya, atajuta."

"Ukurasa huu usiguse. Imeandikwa hapa, usifunge, usitoke."

"Mimi lini nimefunga kichupo chako? Sheria naijua, mimi ndiye niliyeiandika."

Hapo nje gari likapiga honi. Muuza samaki alikuwa ameleta friza kubwa kama kabati la wafalme, na dereva wake alikuwa anataka kulishusha peke yake kwa ubao mmoja na ubishi. Barafu akatazama skrini. Zamu ilikuwa kwa nambari kumi na saba. Akatoka kwenda kushika upande wa pili, akijua ana dakika zake kumi.

Aliporudi, akijifuta maji ya samaki mikononi, skrini ilikuwa nyeupe tupu. Katikati kulikuwa na kiduara kinazunguka na maneno: Tunakuandalia toleo jipya.

"Shoti. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nilikuwa na mchoro wa ile mashine ya mwalimu, umeandikwa lugha sijui ya wapi. Kuna kitufe cha kutafsiri, nikakibofya. Kikasema kutafsiri kunataka toleo jipya. Nikabofya sasisha."

"Nilikwambia usifunge!"

"Sikufunga kitu! Nilisasisha tu. Na kimeandika chenyewe, vichupo vyako vyote vitarudi kama ulivyoviacha. Subiri uone."

Na kweli vikarudi. Vilirudi vyote, vya kushoto kushoto na vya kulia kulia, na mchoro wa mashine ya mwalimu ukiwa umetafsiriwa vizuri hata Shoti akasahau balaa na kusema "Kumbe ni bomba la chini!" Kivinjari kilikuwa kimebadilika sura, pembe zimekuwa mviringo, kuna kidirisha kinampongeza Barafu na kumuuliza kama angependa kubadilisha rangi. Akakifunga. Akafungua kichupo cha hospitali.

Karibu. Nambari yako ni mia nne na kumi na mbili. Nafasi za awamu hii ni arobaini.

Barafu akaisoma nambari ile mara mbili kwa kidole.

"Kaka, wallahi sikujua," Shoti akasema. "Ningejua, huyo mwalimu angevaa nguo chafu mwaka mzima."

"Nionyeshe pa kuona kurasa tulizofungua."

Shoti akafungua historia ya kivinjari. Ndiyo hiyo: ukurasa wa foleni, saa mbili na dakika tatu. Barafu akaipiga picha kwa simu yake, akavua koti la kazi, akatoka bila kunawa.

Hospitali, nje ya dirisha la kitengo cha macho, kulikuwa na benchi refu na watu kumi na moja. Wengine walikuwa na kitambaa jichoni, wengine wamefumba macho kabisa kwa sababu ya mwanga. Karibu kila mmoja alikuwa ameshika simu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameisogeza ya kwake hadi ikagusa pua.

"Kijana wangu, wewe una macho?" mzee akamuuliza. "Hebu nisomee hapa. Tangu asubuhi naona ukungu."

Barafu akaichukua. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Akaenda kwenye mipangilio, akayakuza hadi herufi zikajaa kioo, akamrudishia. Mzee akasoma mwenyewe, neno moja moja, kwa sauti: "Muda... wako... wa kujaza... umekwisha."

Mzee akashusha simu. "Ulikuwa na nambari gani, baba?" Barafu akauliza.

"Tisa. Ilipofika zamu yangu sikuona pa kuandika jina."

Mama mmoja pembeni akadakia, "Mimi ishirini na mbili. Mjukuu alikuwa ananisaidia, simu ikajizima ijiboreshe. Ilipowaka, kwaheri."

Barafu akatoa simu yake. Akaenda dirishani. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, ana kikombe cha chai mbele yake.

"Dada, habari za kazi. Mimi nilipata nambari thelathini na moja. Kivinjari kikajisasisha, nikatupwa mia nne. Ushahidi huu hapa, saa na dakika."

Karani akaitazama picha bila kuishika. "Picha hatupokei, kaka. Mfumo ndio unaamua."

"Mfumo ni nani? Aje tuongee."

"Usinifanyie utani. Ukiona nambari imepotea ujue kivinjari chako kilikuwa na tatizo. Ndiyo maana tunawahimiza wananchi wasasishe vivinjari vyao."

"Nimesasisha! Kusasisha ndiko kulikonipoteza!"

"Basi ungesasisha mapema."

Barafu akasogea karibu zaidi. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na mikono ile ilinuka samaki, karani akarudisha kiti nyuma kidogo. Alipokirudisha, skrini yake ikaonekana. Juu kabisa kulikuwa na mstari wa njano kutoka upande hadi upande: Sasisho linasubiri. Sasisha sasa. Nikumbushe baadaye.

"Dada. Hicho nini hapo juu?"

Karani akageuka, akabofya, mstari ukapotea. "Hicho huwa kinakuja kila asubuhi."

"Na wewe unakifanyaje?"

"Nabofya baadaye. Watu wa mitambo walitukataza kukigusa. Tukisasisha, faili za wagonjwa hazifunguki."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Karani akasogeza kikombe. "Tangu mwaka jana."

Hapo ndipo Barafu alipopaza sauti, na ukumbi mzima ukageuka.

"Mmesikia? Nyie wenye macho mabovu, mmesikia kwa masikio yenu? Sisi tunafukuzwa mlangoni kwamba vivinjari vyetu ni vya kale, yeye hapa ndani anatumia cha mwaka jana na chai pembeni! Simu yangu imekataliwa kwa kosa ambalo ofisi yenyewe inalo! Na nani aliyeketi akawaza kwamba mtu asiyeona apange foleni kwa kusoma kioo? Kwa nini msiwaambie viziwi wapige simu?"

"Kaka, punguza sauti, hii ni hospitali."

"Hospitali ya nani? Haya niambie, hizo nafasi arobaini zimejaa?"

Karani akageukia kompyuta. Akavaa miwani, akatazama skrini, akaivua tena.

"Nimekuuliza, dada. Kwa heshima yote."

"Majina yaliyojazwa ni ishirini na sita," karani akasema, kwa sauti ambayo haikutaka kufika kwenye benchi. "Kumi na nne ziliungua. Mtu akitoka kwenye ukurasa, nambari yake inaungua. Mfumo umeshajifunga, zitatangazwa awamu ijayo."

"Daktari anapasua arobaini, nyie mtampa ishirini na sita, kwa hizo nafasi nyingine mikono yake itapumzika?"

"Si mimi niliyepanga!"

Yule mzee wa kofia akasimama kwa kushika ukuta. "Kumi na nne," akasema. "Sisi hapa tuko wangapi?"

Wakaanza kujihesabu kwa sauti, mmoja mmoja, tangu mwanzo wa benchi: moja, mbili, tatu. Karani akawatazama hadi ikafika kumi na moja. Kisha akainuka, akaingia mlango wa nyuma.

Alirudi na sista mkuu wa kitengo, mama mnene mwenye mwendo wa haraka, ambaye alikuwa ameshaelezwa njiani, maana hakuuliza lolote. Alikuwa na daftari la mistari mkononi.

"Mfumo siwezi kuufungua," akasema. "Lakini chumba cha upasuaji ni changu. Naandika jina la mgonjwa aliyepo hapa kwa mwili wake, nimuangalie jicho mwenyewe leo. Simwandiki asiyekuwepo, sitaki wa kuletewa kwa simu wala kwa picha. Saa sita nafunga daftari."

"Mama yangu yuko nyumbani," Barafu akasema.

"Na saa sita bado iko mbele. Mlete."

Barafu akampigia Shoti.

"Lile friza achana nalo, chukua pikapu yetu ya karakana, nenda nyumbani, mchukue mama. Sasa hivi. Usisimame popote."

"Friza la mwalimu?"

"La mwalimu ni mashine, wewe! Friza liache chini, hata liibiwe. Nataka mama afike hapa."

"Naenda. Kaka, umenisamehe?"

"Endesha gari."

Dakika zilikwenda taratibu kama mgonjwa mwenyewe. Sista aliita mmoja mmoja, akawamulika kwa kurunzi, akaandika. Watu wengine watatu walitokea kutoka ukumbi wa pili, wamesikia kuna daftari, nao wakaandikwa. Barafu alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Kumi na nne kutoa kumi na moja, kutoa watatu. Haikubaki hata moja. Akasimama dirishani, akiwa na hasira ambayo sasa haikuwa na pa kwenda.

"Sista, mimi ndiye niliyeanzisha hili jambo."

"Najua. Sauti yako niliisikia nikiwa chumba cha dawa." Sista akapindua ukurasa wa daftari, akachora mistari. "Mmoja katika hawa jicho lake halijaiva kwa kupasuliwa, nimemwambia aje awamu ijayo. Nafasi iko moja. Lakini nimekwambia, mtu mwenye mwili."

Saa sita kasoro dakika nne Shoti akaingia mbio, amemshika mama mkono, jasho linamtiririka. Mama alikuwa amevaa kanga ya kutokea na kiatu kimoja cha mkwewe.

"Huyu mwenzio," mama akasema kwa nguvu kabla hata hajaketi, "amenivuta kutoka chooni! Kanipakia nyuma ya gari pamoja na mtungi wa gesi! Nimezaa watano sikuwahi kubebwa hivi!"

"Karibu, mama, keti hapa," sista akasema. "Tazama juu."

"Juu wapi? Ningekuwa naona juu ningekuja kufanya nini?"

Benchi zima likacheka. Sista akammulika jicho la kulia, kisha la kushoto, akaandika jina lake kwa wino, mgonjwa wa arobaini. Akamwambia arudi Alhamisi alfajiri bila kula.

Shoti akaenda kukaa ukutani na kujipepea kwa kofia. Mama akaanza kumuuliza yule mzee wa kofia ya sufu kama kweli hawaumizi. Barafu hakuketi. Alirudi dirishani, pale ambapo karani alikuwa anakunywa chai iliyopoa.

"Umefurahi sasa, kaka?" karani akauliza.

"Sijafurahi. Mama yangu kapata kwa sababu nina mdomo na nina gari. Hao mia nne wengine wako majumbani wanatazama kiduara kinazunguka." Akachomoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya dirisha. "Nani aliyeuweka huo ukurasa? Andika jina lake na ofisi yake."

Karani akatazama mlango wa nyuma, kisha akatazama benchi. Akavuta kipande cha karatasi, akaandika jina na ofisi.