Saini Kwanza, Mlango Baadaye

Mama Pindo alishona nguo katika chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, mpaka mwenye nyumba alipouza jengo na kuwapa wapangaji mwezi mmoja wa kuondoka. Jina hilo alipewa na wateja, maana hakuna vazi lililotoka mikononi mwake likiwa na pindo lililokwenda upande. Alipata chumba kingine ng'ambo ya mji. Kazi ikabaki kuhama: cherehani tatu, meza ya kukatia, kabati, na magunia ya sare za shule zilizotakiwa wiki ileile.

Mdogo wake wa kiume akamletea mhamishaji. "Dada, hawa ni watu wangu. Wewe tulia."

Mtu mwenyewe alikuja akizungusha funguo kidoleni. Kila alichoulizwa, jibu lake lilikuwa moja. Gari lina turubai? Usijali, mama. Kitu kikivunjika? Usijali. Mama Pindo akambandika jina hilohilo, Usijali. Alipoomba makubaliano ya maandishi, jamaa akacheka kama aliyesikia kichekesho cha mtoto.

"Mama, sisi tunafanya kazi kwa kuaminiana."

Akaona haya kung'ang'ania mbele ya mdogo wake. Haya hiyo ilikuja kumuuma kuliko hasara yenyewe. Lakini wageni walipoondoka, alichukua daftari la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa mtupu na kuorodhesha kila kitu, pamoja na namba zilizogongwa chini ya kila cherehani. Akavipiga picha vyote kwa simu.

Siku ya kuhama lilikuja lori dogo lisiloandikwa chochote ubavuni, wala si lile aliloonyeshwa pichani. Lilipakiwa saa tatu asubuhi. Akaambiwa atangulie, mbele hakuna nafasi. Mwendo ulikuwa wa nusu saa, lori likafika saa tisa alasiri, na muda wote huo simu ya Usijali ilikuwa imezimwa. Mama Pindo alisimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi.

Usijali akaruka chini na karatasi mkononi. "Weka saini hapa, mama, vijana washushe."

Akaisoma. Iliandikwa: Nimepokea mzigo wangu wote ukiwa salama na sina madai yoyote.

"Nimepokea nini? Mlango wa gari umefungwa."

"Ndio utaratibu wa kampuni."

"Utaratibu wa kumsainisha mtu kitu asichokiona?"

"Usiposaini narudisha gari stoo, na stoo unalipia kwa siku. Halafu kuna malipo ya ngazi."

Mama Pindo akageuka kuitazama ngazi. Vidato vitatu. Akampigia mdogo wake, akitumaini angalau huyu atasimama upande wake.

"Dada, saini tu yaishe. Unanitia aibu kwa watu."

Akakata simu.

Kinyozi wa chumba cha jirani, ambaye hata kusalimiana vizuri walikuwa bado, alikuwa akisikiliza yote. Akaburuta benchi la wateja wake, akaliweka barabarani mbele ya lori, akaketi na kufungua gazeti. "Kituo cha polisi kipo pale kwenye kona," akasema. "Nenda, mama. Mimi napumzika hapa."

Alirudi na askari wa kike mwenye maneno machache.

"Fungua."

"Afande, kwa utaratibu wetu..."

"Nimesema fungua."

Mlango ukafunguliwa. Mama Pindo akasoma daftari lake kwa sauti, kitu kimoja kimoja, huku majirani wakisogea. Magunia yalikuwepo, kabati lilikuwepo. Meza ilikuwa imevunjika mguu. Cherehani zilikuwa mbili. Ile kubwa, ya nguo nzito, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitanda cha mbao asichokijua, na nyuma ya ubao wa kichwani mtu alikuwa ameandika namba ya simu kwa kalamu nene.

Akaipiga palepale. Ikapokelewa na sauti ya mzee, mwalimu mstaafu.

"Kitanda changu? Mwanangu, leo siku ya kumi na moja nalala sakafuni."

"Na hukuwadai, mzee?"

"Nilikwenda ofisini kwao. Wakanionyesha saini yangu. Waliniambia nisaini kabla hawajashusha, nami nikasaini. Nilijiona mjinga, nikanyamaza."

Mpaka hapo Mama Pindo alikuwa amekasirika kwa ajili ya vitu vyake. Sasa alikasirika kwa ajili ya mwalimu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma, karatasi moja ya wezi imemfanya ajione mjinga!

"Mzee wa umri wa baba yako!" akamwambia Usijali. "Umemlaza chini, na kitanda chake unakitembeza mjini!"

"Usijali, mama, tutayamaliza wenyewe."

"Leo utajali wewe."

Askari akapanda lori mbele, akaagiza liende stoo. Huko wakaikuta cherehani, imefunikwa gunia, na karatasi yenye jina la mnunuzi imeshagundishwa juu yake. Usijali akaapa kwamba ni yake tangu zamani. Askari akaipindua, akalinganisha namba na ile ya daftarini, zikawa sawa. Vitu vya watu wengine wanne vilikuwa humo.

Kitanda cha mwalimu kilifika kwake siku hiyohiyo. Usijali alishtakiwa, na wenye mali wote wakatoa ushahidi, mwalimu akiwa wa kwanza. Meza haikulipwa na mtu. Sare zilichelewa siku mbili, na wazazi wakamfokea Mama Pindo kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Aliinama akashona.

Jumamosi mdogo wake akaja na nyundo na kipande cha ubao, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Bado nina hasira na wewe," Mama Pindo akamwambia.

"Najua, dada."

"Hujui. Uliona aibu kwa watu wale, hukuona aibu kwangu."

Mdogo wake akapiga magoti chini ya meza, akaanza kung'oa misumari iliyopinda, na dada yake akamshikia ule upande mwingine.