Nani Atambeba Murunga

Sufuria za pilau zilikuwa zimekaa pale uani, Soweto West, tangu adhuhuri, na hakuna aliyegusa hata kifuniko. Jamani, watu wa Kibera kukataa pilau! Watu waliofanya matanga wiki nzima kwa chai ya rangi, walioamkia mkate wa kugawana, walikaa kwenye viti vya kukodi wakitazama juu kama hawasikii harufu. Hiyo haikuwa huzuni. Ulikuwa uoga, na waliyemwogopa ni Okeyo, aliyeleta chakula.

Okeyo alisimama kando ya jeneza la rafiki yake Murunga akijifanya haoni. Alikuwa anaona yote. Basi la kwenda Bungoma lilingoja barabarani, maana vichochoro vya huku havipitishi gari, na jeneza lingebebwa kwa mikono mpaka huko. Siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: kushika jeneza upande wa kichwa. Pilau wakitaka wamwage. Yeye wamwache ambebe mtu wake.

Walianza pamoja, yeye na Murunga, pale Laini Saba kando ya reli. Murunga akikanda unga, Okeyo akipika chapati, jiko moja, kikaango kimoja. Kisha Okeyo akahamia Kawangware, na mambo yakamnyookea kwa kasi ya kuudhi. Leo kibanda, kesho karakana. Mara vijana wanaingia kazini kwa zamu, mara chapati zake ziko supamaketi, zimefungwa vizuri na jina lake juu. Murunga alibaki Laini Saba na moshi wake.

Hapo ndipo nyoka alipozaliwa. Nani alimzaa sijui, ila kila mtu alimlea. Eti Okeyo anafuga nyoka wa utajiri kwenye stoo ya unga, na nyoka mwenyewe hali panya, anataka watu. Okeyo akitoa msaada, anaosha pesa za damu. Asipotoa, si unaona roho yake? Murunga alipougua kifua, Okeyo alilipa hospitali. Wakauliza mbona anahangaika hivyo kama hana la kuficha. Sasa Murunga amekufa, na kwao kesi imekwisha. Watu wakishaamua kukushuku, hata ukipiga chafya wanaandika.

"Wewe hubebi," alisema Morris, mdogo wake marehemu. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Okeyo zaidi.

"Morris, huyu alikuwa ndugu yangu."

"Ndugu alikuwa wangu. Kwako alikuwa nani, hiyo ndiyo tunajiuliza hapa."

Vijana walisogea. Mmoja alikuwa ameokota jiwe, akawa analigeuzageuza tu mkononi. Pasta alianza kutafuta ukurasa kwenye Biblia yake, akautafuta kwa muda mrefu sana.

"Mnataka nifanye nini?" Okeyo aliuliza.

"Anza kula hiyo pilau yako tuone."

Okeyo alipakua sahani, akala amesimama, juani, huku umati mzima ukitazama koo lake. Alikula wali uliopoa mpaka akaimaliza sahani, kisha akaionyesha.

"Si mmeona?"

"Tumeona nini?" alijibu Mama Akoth, jirani wa mlango wa pili. "Kitu ni chake, kitamdhuru vipi?"

Wengine walicheka. Okeyo akajua hapo hata akila sufuria nzima hatoki. Alibakiwa na mtu mmoja, Jentrix, mjane wa Murunga, aliyekaa kwenye mkeka na binti yake mkubwa, Bridgit. Jentrix alikuwepo Laini Saba siku zile zote. Yeye hangeweza kuamini upuuzi.

"Shem, sema wewe," alimwambia mbele ya wote. "Ukisema nisibebe, sibebi."

Jentrix aliinuka taratibu, akampeleka mpaka mlangoni pa chumba chake, mahali ambapo watu wangewaona lakini wasiwasikie.

"Huna nyoka," alisema. "Mimi najua."

Okeyo aligeukia umati. "Basi waambie."

"Nilikuona siku ile ukipika chapati na malaria mwilini. Lakini Murunga naye aliamka siku hiyo, usisahau. Hakulewa. Hakulala. Alikanda mpaka mikono ikapasuka. Sasa nikitoka hapo niseme huna kitu, Morris ataniuliza kaka yake alikosa nini. Watoto wataniuliza. Nitawaambia nini, shem?"

Okeyo alikuwa na majibu, yale anayowapa vijana akialikwa kuzungumza kwenye kumbi za hoteli: bidii, nidhamu, kuthubutu. Yote yalimkwama, kwa sababu Murunga alikuwa nayo yote na alikuwa amelala pale ndani ya sanduku.

"Ilikuwa bahati," alisema mwishowe. "Nilikutana tu na mtu wa supamaketi. Angeweza kuwa yeye."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Bridgit amzike baba yake akijua ni bahati tu?" Jentrix alimtazama usoni bila chozi. "Wakiamini alidhulumiwa, watamheshimu. Wakijua hakudhulumiwa, wataanza kumpima. Wewe una kila kitu. Niachie hili moja."

"Unaniomba niwe mchawi."

"Nakuomba unyamaze."

Hasira ilimpanda Okeyo. Alitaka kupiga kelele, awaite wapumbavu mmoja mmoja kwa majina, Jentrix awe wa kwanza. Alirudi penye jeneza akiwa hajui atafanya nini. Akaweka kiganja juu ya mbao, upande wa kichwa. Morris alimkazia macho, na yule kijana akaacha kuligeuza jiwe.

"Amesema nini?" Morris aliuliza.

Okeyo aliondoa mkono.

"Mbebeni nyinyi."

"Mmeona?" alisema Mama Akoth. "Ameogopa kumgusa."

Walimwinua Murunga, wakaanza wimbo wa Kibukusu ambao Okeyo alikuwa anaujua wote, akanyamaza. Kichochoro kilikuwa chembamba, ikabidi ajibanze kwenye ukuta wa mabati ili jeneza lipite karibu na kifua chake. Nyuma ya jeneza alikuja Bridgit. Alisimama mbele yake, akamtemea mate viatuni. Jentrix, aliyemfuata, aliona. Alimshika binti yake begani, na wakaendelea kutembea.