Mwanamke Aliyeishia Kiunoni

Baridi ya asubuhi ilikuwa bado imelala juu ya vigae vya ukumbi wa manispaa, na Tuda alikuwa amevaa ndala za plastiki. Alisimama juu ya nyayo mbili za rangi ya njano zilizochorwa sakafuni, kwa sababu ukisogea pembeni kidogo tu, yule mwanamke wa kwenye skrini hakuoni. Mikono yake ilinuka mafuta ya mesemen, mikate ya kukaanga ambayo alikuwa ameiacha chini ya kitambaa kwa jirani yake Hadda, pale stendi ya mabasi. Kando ya skrini palikuwa na dirisha la karani. Sasa lilikuwa limezibwa kwa mbao na kupakwa chokaa, likafanana na ukuta.

"Karibu, mkazi mpendwa," mwanamke wa skrini alisema. "Naitwa Bayan. Nikusaidie nini leo?"

Alisema kwa Tashelhit. Tangu Tuda ashuke mlimani na kuolewa katika mji huu, hakuna mtu wa ofisi ile aliyewahi kumsemesha kwa lugha ya mama yake. Karani wa zamani alikuwa akimkatiza kwa Kiarabu: "Sema ueleweke, mama, au lete mtu anayejua kusema." Bayan hakumkatiza mtu. Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, macho ya upole, na mwili ulioishia kiunoni. Siku alipozinduliwa waliambiwa kwamba si mtu, ni akili mnemba, kompyuta iliyovishwa sura ya mtu, na kwamba kuanzia siku hiyo asiyejua kusoma atapata habari sawasawa na aliyesoma.

"Binti yangu," Tuda alisema, "mimi ni mjane, nakaa mtaa wa mabanda wa Karyani Bulkhir. Wanasema mabanda yetu yatavunjwa tupewe viwanja. Banda letu liko kwa jina la marehemu mume wangu. Nifanye nini, na nije lini?"

"Pole kwa msiba. Wajane wataonana na kamati ya viwanja wiki ya kwanza baada ya Sikukuu ya Kuchinja. Hakuna haja ya kuja kabla."

"Baada ya sikukuu?"

"Ndiyo. Baada ya sikukuu."

"Na mama mkwe wangu? Ninaishi naye, miguu yake imekufa."

"Hahitajiki kuletwa. Nakutakia siku njema."

Tuda aliweka kiganja kifuani. "Mungu akuweke, binti yangu." Mlinzi aliyekuwa mlangoni alicheka kupitia puani.

Hadda naye alicheka aliposikia. Alikuwa anageuza mesemen kwa vidole, bila kijiko, kama mtu asiyeungua.

"Kwa hiyo umeshauriana na nusu mtu wako."

"Amenieleza vizuri. Kwa Tashelhit."

"Hata angekueleza kwa lugha ya malaika! Mtu hana tumbo, shida za watu wenye matumbo atazijulia wapi? Mimi nimeshampa Buazza kahawa yake. Mpe na wewe, ulale."

Buazza alikuwa mjumbe wa mtaa, na kahawa yake haikuwa ya kunywa. Aliyetaka cheti alimpa, aliyetaka kuongeza bati moja juu ya paa alimpa, na aliyetaka kuzika haraka alimpa pia.

"Sina cha kumpa," Tuda alisema. "Na Bayan amesema nisubiri."

Jioni ile ile Buazza alisimamisha pikipiki yake mbele ya kikaango. Alikula mesemen akiwa amesimama, akaomba na ya pili, na Tuda akampakia asali bila kuulizwa.

"Dada Tuda, siku hizi hunitafuti."

"Nipo tu, ndugu yangu. Habari ya kiwanja nimeshauliza manispaa."

"Ahaa. Umeshauliza manispaa." Alifuta vidole kwenye kitambaa kinachofunika unga wa Tuda. "Basi vizuri sana. Mtu akishauliza manispaa, mimi ni nani?"

Akatia gia, akaondoka.

Sikukuu ilikuja. Hadda aliwaletea bakuli la utumbo na vipande vya maini. Mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mma Rkiya, alinyonya kipande kimoja kwa muda mrefu kwa sababu hakuwa na meno, kisha akakitoa mdomoni akamrudishia Tuda amalizie. Usiku huo banda lilinuka nyama. Tuda alifua jalaba lake la pekee, kanzu ndefu ya kutokea, akalianika juu ya kamba, na watu walipoanza kurudi kazini akalivaa likiwa na unyevu kwenye mikunjo, akaenda kwa kamati.

Hapakuwa na kamati. Mlinzi alimwonyesha ngazi. Juu kulikuwa na afisa tarafa nyuma ya meza, na Buazza amekaa pembeni kama mtu wa nyumbani, na glasi ya chai mkononi.

"Kamati ilimaliza kazi kabla ya sikukuu, mama," afisa alisema.

"Bayan aliniambia baada."

"Bayan gani?"

"Yule wa chini. Wa kwenye skrini."

Afisa alimtazama Buazza. Buazza akatazama chai yake.

"Yule si mtumishi wetu, mama. Ni huduma ya habari. Tarehe ilirudishwa nyuma, na kampuni inayomlisha maneno ilichelewa kuambiwa. Mambo ya kawaida. Na imeandikwa pale chini ya skrini, kwa lugha mbili: maelezo haya hayana nguvu ya kisheria."

"Sijui kusoma, bwana."

"Ndiyo maana tumekuwekea wa kusema."

Maji ya jalaba yalikuwa yamempenya mgongoni.

"Na wengine waliambiwa na nani?"

"Nilitangaza, mheshimiwa," Buazza alijibu, akimjibu afisa. "Mkahawani. Mbele ya watu."

"Mwanamke anakaa mkahawani?" Tuda aliuliza.

"Hilo sasa ni jambo la nyumbani kwako," afisa alisema. Alikuwa ameshaanza kutafuta kitu kwenye simu yake. "Viwanja vimekwisha. Subiri awamu nyingine. Ikitangazwa utasikia."

Alishuka. Alisimama tena mbele ya skrini, bila kujua hasa amekuja kufanya nini. Bayan alimkaribisha kwa tabasamu lile lile, kwa Tashelhit ile ile ya mabonde ya kwao. Tuda akauliza habari ya wajane.

"Shughuli ya wajane ilikamilika kabla ya sikukuu. Pole kwa usumbufu."

"Ulisema baada. Nilikuuliza mara mbili."

"Sihifadhi mazungumzo yaliyopita, ili kulinda siri zako. Nikusaidie jambo jingine?"

Nyuma yake kijana mwenye stakabadhi za maji alikohoa kumkumbusha kuwa kuna foleni. Tuda akampisha.

Tingatinga lilikuja siku ya gulio, wanaume wengi wakiwa hawapo. Majirani walimtoa Mma Rkiya kwa blanketi, kila mmoja ameshika pembe yake, wakamlaza kando ya barabara karibu na masufuria. Bibi kizee, naye mzaliwa wa mlimani, aliinua shingo, akaona vitu vyote viko nje.

"Tunarudi mlimani?"

"Ndiyo, mama."

"Mmemfunga mbuzi?"

"Tumemfunga."

Hapakuwa na mbuzi. Tuda aliangalia bati la paa likijikunja kama karatasi, kisha mlango, kisha ukuta alioupaka udongo kwa mikono yake mwaka aliofiwa. Alingoja kilio kije. Hakikuja. Alichokuwa akikifikiria ni kwamba mfuko wa unga ameuweka chini na chini pana maji, na akainama akauinua, akaushika kifuani mpaka kazi ilipokwisha.

Wakahamia chini ya nailoni, pembeni ya ukuta wa makaburi. Kiwanja cha Hadda, ambacho Buazza alimletea karatasi yake bila yeye kuitwa kwenye kamati, kilikuwa bado mawe matupu na yeye mwenyewe alikuwa amebanana na wakwe zake. Mma Rkiya alianza kukohoa. Tuda aliendelea kukaanga mesemen. Mteja akimsalimu aliitikia, akitaniwa alitabasamu, na mteja akishaondoka hakukumbuka alikuwa nani.

Pale stendi ndipo Buazza alipomkuta, na safari hii alizima pikipiki kabisa.

"Dada Tuda, kuna wageni wametoka mji mkuu. Manispaa yetu imepata tuzo kwa ajili ya Bayan. Wanapiga picha za video. Wanataka mama mtu mzima, asiyejua kusoma, mwenye sura nzuri. Nikakusifia wewe."

Hadda alitema mate pembeni ya jiko. "Wewe huoni haya hata kidogo, Buazza?"

"Sijasema na wewe. Dada Tuda, ukinisaidia leo, na mimi nitakuwa na mdomo wa kukutaja kwa afisa."

Tuda alinawa mikono, akamfuata.

Ukumbi ulikuwa umewashwa taa kali. Binti mmoja mwenye suruali, aliyeitwa Ghizlan na aliyeonekana ndiye mkubwa wao, alimbusu mashavu yote mawili. Wakamvua jalaba lake, wakamvisha jingine la rangi ya samawati lenye taraza za hariri. "Lisiguse chini, mama, ni la kuazima." Afisa tarafa alikuwapo, amevaa tai. Alimpa Tuda mkono mbele ya kamera, mkono laini, na hakuonyesha kumkumbuka.

"Muulize kitu chochote," Ghizlan alisema. "Kitu unachotaka kujua kweli."

Tuda alimtazama mwanamke wa skrini.

"Bayan," alisema, "leo nitamlaza wapi mama mkwe wangu?"

Bayan alitabasamu. "Hongera! Karyani Bulkhir imetangazwa kuwa eneo lisilo na mabanda. Wakazi wote..."

"Simamisha!" Ghizlan alipiga makofi. "Uso ni mzuri sana, mama, mzuri mno. Lakini sauti zinagongana, na hata hivyo tutaweka muziki. Rudia, ila usitoe sauti. Chezesha midomo tu. Na uinue kidevu kidogo."

Mtu mmoja akamrekebisha kola. Taa zikasogezwa. Tuda akainua kidevu, akauliza tena, neno kwa neno, bila sauti.

"Samahani," Bayan alisema kwa Tashelhit, "sijakusikia. Tafadhali rudia swali lako."

"Hapo hapo," Ghizlan alinong'ona nyuma ya kamera. "Endelea, mama. Endelea."

Tuda akaendelea.